Kikohozi cha Juni

Saa moja na robo asubuhi seli nyeupe moja, iliyotiwa rangi ili kanda iweze kuiona, iligusa ukuta wa mshipa katika kiganja cha Ezekia Kilasi. Iliviringika polepole juu ya ukuta huo, ikashika, ikasimama, ikajilaza. Kisha ikapata mwanya kati ya seli mbili za ukuta na kuanza kupenya. Kiini chake, chenye vipande vitatu vilivyoungana kama shanga kwenye uzi, kilipita kipande kimoja kimoja. Dakika sita baadaye ilikuwa nje ya damu, ndani ya nyama, ikitambaa kuelekea kwenye jeraha kwa mwendo wa maikromita kumi kwa dakika.

Sekela Mwalongo, mtafiti, aliifuata kwenye skrini mpaka ikapotea ndani ya kundi. Kundi lilikuwa na seli milioni tisa.

Kanda yenyewe ilikuwa utando mwembamba usio na rangi, uliofungwa kutoka kwenye kiwiko cha mgonjwa hadi ncha za vidole. Ilifanya kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuona kila seli yenye rangi iliyo chini yake. Ya pili ilikuwa kuigeuza. Seli nyeupe haina macho. Hufuata kemikali zinazovuja kutoka kwenye nyama iliyoumia, na huelekea pale zilipo nyingi zaidi. Kanda ilipopewa amri ilipitisha kwenye ngozi kemikali nyingine, na seli iliyokuwa ikienda mbele ilirudi nyuma, ikapenya tena ukuta ule ule, ikaingia kwenye damu. Wenzake Sekela katika Kituo cha tiba ya kanda, Njombe, waliziita askari. Yeye hakulipenda neno hilo. Seli haijui vita. Inajua zaidi na pungufu.

Ezekia alikuwa na miaka hamsini na mmoja, fundi wa mitambo ya upepo ya Makambako. Jana yake, saa tisa alasiri, mita tisini juu ya ardhi, mkono wake wa kulia ulibanwa kati ya spana ya umeme na ukingo wa chuma. Mifupa ilisalimika. Nyama ilipondeka. Hatari sasa haikuwa chuma bali kilichokuja kusafisha kazi ya chuma: kila seli iliyofika ilimwaga sumu yake, ikafa, na katika kufa ikaachia kemikali zilizoita nyingine. Mkono ulikuwa umevimba na kujaa kama glavu iliyotiwa maji, na uvimbe ulikuwa unakandamiza mishipa. Kwa hesabu ya Sekela, vidole vingekosa damu kabisa ifikapo saa nane mchana. Amri ya kuzirudisha seli ilipangwa kutolewa saa tano.

Mgonjwa aliamka akamsalimu kwa Kibena, kamwene, naye akaitikia.

“Hao weupe wamefika wangapi?” aliuliza Ezekia.

“Milioni tisa, baba.”

“Harusi kubwa. Nani kawaalika?”

“Wanaalikana wenyewe. Anayekufa ndiye anayeita wengine.”

Ezekia aliutazama mkono wake. “Basi si harusi,” alisema. “Ni msiba.”

*

Muuguzi Rukia Shemdoe alihamia Njombe kutoka Tanga mwezi wa nne. Alikuwa na miaka ishirini kazini, na tangu mvua zilipokatika alivaa masweta mawili ndani ya sare. Wauguzi wenzake walimtania kwamba akikaa mpaka Julai atazungumza nao kutoka ndani ya blanketi. Saa mbili na nusu aliingia chumba cha ramani, penye skrini za kanda, akiwa na daftari la jalada gumu, akafunga mlango, na kumwomba Sekela asimcheke.

Alieleza kwamba alipofika alijaza fomu ya wagonjwa wa kanda kama alivyoelekezwa, ila hakuona mahali pa kuandika kikohozi. Alidhani ameikosa safu hiyo. Aliona haya kuuliza, akawa anaandika kwenye daftari lake.

Sekela alijua kwa nini hakuiona. Fomu aliitunga yeye, miaka minne iliyopita, na maelekezo yake pia. Kipengele cha kumi na saba kilisema: *Kikohozi cha majira kisiandikwe.* Alizaliwa kilomita tatu kutoka pale. Kuanzia Juni hadi Agosti sakitu, umande ulioganda, huchoma majani ya viazi, moshi wa kuni hauondoki chini, na kila mtu hukohoa: mwalimu, kondakta, padri katikati ya mahubiri. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuita hali hiyo ugonjwa. Toleo la kwanza la fomu lilijaa vikohozi hadi takwimu zingine hazikuonekana, naye akavifuta kama mtu anayefuta vumbi kwenye lenzi.

“Huku wote tunakohoa, Mama Shemdoe,” alisema. “Ni baridi.”

“Baridi naijua, mdogo wangu, naivalia masweta mawili. Lakini baridi haihesabu siku.”

Akafungua daftari. Wagonjwa tisa waliokuwa chini ya uangalizi wake. Saba walikohoa. Wote saba walianza siku ya tatu baada ya seli kurudishwa. Si ya pili, si ya nne. Wawili kati yao walitibiwa mwanzoni mwa Mei, wakati mvua bado zinanyesha na hakuna sakitu.

Sekela alisoma kurasa hizo mara mbili. Kisha akafungua orodha ya wagonjwa wote arobaini na mmoja waliowahi kutibiwa kwa kanda na kutafuta waliolazwa hospitali nyingine yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kutoka. Walikuwa watatu. Wote watatu waliandikiwa nimonia. Mmoja wao, mpakia mbao wa Mafinga mwenye miaka arobaini, alikuwa amefariki. Kanda ilikuwa imemponya kifundo cha mguu.

Kulikuwa na njia ya kujua zaidi. Mgonjwa wa siku ya tatu alikuwepo wodini: Wende Nyagawa, fundi cherehani, aliyerudishiwa seli kutoka kwenye goti. Alikuwa amekaa kitandani akishona kifungo cha gauni la hospitali kwa sababu, alisema, hakuvumilia kukiangalia kikining'inia. Sekela alimwomba ruhusa ya kumfunga kanda ya akiba kifuani. Wende aliuliza kama inauma, akaambiwa hapana, akaendelea kushona. Alikohoa mara mbili. Hakuna aliyefunga kanda kifuani hapo kabla, kwa sababu hakuna aliyewahi kutibiwa kifua kwa kanda.

Kapilari nyingi za mapafu, vile vishipa vidogo kabisa vya damu, ni nyembamba kuliko seli nyeupe. Seli iliyotulia hujinyoosha na kupita. Seli iliyokwisha kuingia kwenye jeraha, ikanusa, ikaamshwa, huwa ngumu, hata ikigeuzwa na kurudi kwenye damu. Kwenye skrini mapafu ya Wende Nyagawa yalikuwa na nukta za buluu zisizosogea. Rangi ya buluu ndiyo waliyoitia kwenye damu yake siku tatu nyuma, kwa ajili ya goti.

Fomu ilikuwa na safu tatu: zilizofika, zilizokufa, zilizorudi. Seli ilipovuka ukuta na kuingia tena kwenye damu, mfumo uliandika *imerudi* na kuufunga mstari wake. Kwa miaka minne Sekela alikuwa amelisoma neno hilo kana kwamba maana yake ni *imekwisha*.

*

Dokta Atukuzwe Mbilinyi, mkuu wa Kituo, alisikiliza bila kumkatiza. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Alitazama picha ya mapafu, akaikuza, akairudisha. Akauliza kama picha kama hiyo ilichukuliwa kwa mtu yeyote ambaye hakutibiwa. Sekela akakiri kwamba hapana. Mbilinyi akauliza nyumba ya marehemu wa Mafinga ilipikia nini. Sekela hakujua. Mbilinyi alisema huenda ni kuni.

Hakuwa akikwepa. Alikuwa akifanya kile Sekela mwenyewe angekifanya kama fomu ingekuwa ya mtu mwingine. Alikubali kwamba kuanzia kesho hapatakuwa na mgonjwa mpya, na kwamba wote arobaini na mmoja watafutwe. Walitofautiana juu ya mtu mmoja tu, Ezekia, na juu ya dakika hamsini zilizobaki kabla ya amri.

“Ukimwambia sasa,” alisema Mbilinyi, “utampa woga, hutampa taarifa. Hujui ni kikohozi cha wiki moja au ni kifo. Mimi pia sijui. Kinachojulikana ni kwamba mikono na miguu thelathini na minane inafanya kazi leo, na kwamba akikataa, daktari wa upasuaji atampasua mkono ili kupunguza uvimbe, na atapoteza vidole. Labda vyote.”

“Alisaini kukubali kwa maelezo tuliyokuwa nayo jana.”

“Alisaini pia kukubali madhara yasiyojulikana.”

“Sasa yanajulikana.”

“Kwako. Kwa saa moja na nusu.” Mbilinyi aliiweka picha mezani. “Nikuulize, Sekela. Unataka kumwambia kwa sababu anahitaji kujua, au kwa sababu jina lako liko kwenye ile fomu?”

Sekela alilifikiria swali hilo kwa muda uliolistahili. Akajibu kwamba hakuweza kuzitenganisha sababu hizo mbili, na kwamba hilo halikubadilisha kilicho ndani ya mapafu. Kisha akateremka ngazi.

*

Alimweleza Ezekia Kilasi kwa sentensi fupi. Alimpa idadi: saba kati ya tisa, watatu kati ya arobaini na mmoja, mmoja amefariki. Alimweleza kwamba huenda hakuna uhusiano. Alimweleza kilichoonekana asubuhi ile kwenye kifua cha mtu mwingine. Alipofika kwenye sehemu ya mkono, Dokta Mbilinyi, ambaye alikuwa amemfuata na kusimama mlangoni, aliingia na kuieleza mwenyewe, kidole kwa kidole, ili isemwe kamili.

Ezekia aliigusa kanda kwa mkono wa kushoto. Halafu akauliza kile ambacho hakuna mtu Kituoni aliyewahi kukiuliza.

“Zikishatoka mkononi, nani anaziangalia?”

“Hakuna,” alisema Sekela. “Kanda inaona kilicho chini yake tu.”

“Sisi tukimshusha mtu kwa kamba, wa juu haondoi jicho mpaka miguu ya mwenzake iguse chini. Hata kama amemwona kapita pabaya. Chini ndiyo chini.” Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila hasira. “Nyie mnaachia kamba katikati.”

Mbilinyi alisema kwamba huo ulikuwa ulinganisho wa haki.

Ezekia aliuliza kama kanda ya kifuani ingeweza kukaa wakati ile ya mkononi ikifanya kazi. Sekela akasema ndiyo. Ezekia akauliza kama amri inaweza kusimamishwa katikati. Ndiyo, ila kitakachokuwa kimebaki mkononi kitabaki, na sehemu hiyo daktari ataipasua. Akauliza ni seli ngapi zilizokwama zinazotosha kumuua mtu. Sekela akamjibu kwamba hilo halijapimwa na yeyote. Angeweza kuweka kikomo, lakini kikomo hicho kingekuwa makisio yake.

“Kazini kwetu akiona shaka mmoja, kazi inasimama, na haulizwi,” alisema Ezekia. “Fanyeni hivyo. Anzeni. Akisema mmoja basi, ni basi.”

“Nani atasema?” aliuliza Mbilinyi.

“Huyu.” Alimwelekezea Sekela kidevu, kwa kuwa mkono haukuinuka. “Si ndiye aliyeandika fomu?”

Rukia, aliyekuwa akipima shinikizo la damu upande wa pili wa kitanda, alisema kwamba ndiye. Ezekia akamtazama, akaona kola za masweta mawili.

“Mama, wewe si wa huku.”

“Tanga.”

“Pole.”

*

Amri ilitolewa saa tano na dakika nane. Skrini zilikuwa mbili: kushoto mkono, kulia kifua. Kwa dakika kumi na mbili hakuna kilichobadilika. Halafu pembezoni mwa kundi seli chache zilisita, zikavuta nyuma mguu uliokuwa mbele, zikatoa mguu upande wa pili, zikageuka.

Seli inayorudi haifuati njia iliyojia. Inatambaa kati ya nyuzi za nyama, inasukuma kiini chake mbele kama fimbo ya kupimia, na kuchagua tundu kubwa zaidi kati ya yaliyo jirani. Inapofika kwenye mshipa inatafuta mwanya na kupenya. Sekela alikuwa ameona jambo hilo mamilioni ya mara. Safari hii hakuangalia zinavyotoka. Aliangalia kulia.

Alikuwa amechagua eneo la mapafu lenye ukubwa wa ukucha na kuweka kikomo: nukta kumi zisizosogea kwa dakika tano. Namba hiyo aliipata kwa kugawa kwa nusu alichokiona kwa Wende Nyagawa. Alijua kwamba kugawa kwa nusu si sayansi.

Ziliporudi seli asilimia ishirini, nukta zilikuwa mbili. Dole gumba lilianza kupata rangi. Kwa asilimia thelathini na tano, nukta nne; Rukia alibonyeza ukucha wa kidole cha shahada, akauachia, na damu ikarudi ndani ya sekunde tatu. Alisema hivyo kwa sauti, na Ezekia akaomba auone. Kwa asilimia arobaini na nane kidole cha kati nacho kikarudi. Nukta zilikuwa saba.

Vilibaki cha pete na cha mwisho. Huko ndiko spana ilikobana zaidi na kundi lilikuwa zito. Mbilinyi alikadiria kwamba asilimia kumi nyingine, labda dakika ishirini, zingetosha.

Nane. Moja ikasogea, zikawa saba. Kisha tisa.

“Inaweza kuwa zinapita,” alisema Mbilinyi kwa sauti ya chini. “Ile moja imepita.”

Inaweza kuwa. Sekela alizingatia kwamba kikomo alikitunga mwenyewe saa moja iliyopita, kwamba kumi na kumi na tano zingeweza kuwa sawa kabisa kwa mapafu ya mtu mzima anayepanda ngazi za mita tisini kila siku, na kwamba vidole viwili ni vitu vya hakika. Alizingatia pia kwamba hivi ndivyo alivyofikiri alipokifuta kikohozi. Alikuwa na sababu nzuri siku ile pia.

Nukta ya kumi ilitokea saa sita na dakika ishirini na moja. Alingoja dakika tano kama alivyojipangia. Haikusogea.

“Basi,” alisema.

Mbilinyi alisimamisha kanda. Hakuna aliyemuuliza Sekela kitu. Skrini ya kushoto ilionyesha seli zilizokuwa njiani zikisita tena, zikitoa miguu kila upande, kisha moja baada ya nyingine zikigeuka kurudi kwenye jeraha.

Ezekia alikuwa akiviangalia vidole viwili vilivyobaki na rangi ya zambarau. Aliuliza kama ndivyo hivyo. Akaambiwa ndivyo. Akasema kwamba spana hushikwa na vitatu, viwili vile ni vya kuringia tu. Kisha akageuza uso ukutani, na Rukia akamfunika bega.

Saa nane daktari wa upasuaji alivikata.

*

Kwa siku tatu zilizofuata Sekela alifanya kazi ya simu. Kati ya wagonjwa arobaini na mmoja aliwapata thelathini na watatu. Aliwauliza swali moja, nao walimcheka karibu wote. *Dada, huku nani hakohoi?* Aliwaambia kwamba anajua, na kwamba anaomba watafakari siku ilipoanza. Wengine walikumbuka. Aliandika waliokumbuka na wasiokumbuka katika orodha mbili tofauti. Mke wa marehemu wa Mafinga alimwambia kwamba nyumba yao ilipikia gesi.

Fomu mpya ilikuwa na safu ya nne, *zilipoishia*. Kipengele cha kumi na saba kilifutwa. Mbilinyi aliisaini bila kubadilisha neno, akaandika kwa kalamu pembeni kwamba kikomo cha nukta kumi hakina msingi na kitafutiwe msingi. Sekela alikubaliana naye.

Asubuhi ya siku ya tatu ukungu ulikuwa umeshika madirisha. Ezekia alikuwa amekaa, mkono umefungwa na kutundikwa, akinywa chai kwa mkono wa kushoto na kuimwaga kidogo. Sekela alileta kiti na kukaa karibu na kitanda na fomu magotini. Walizungumza juu ya mitambo. Ezekia alieleza jinsi mnara unavyoyumba kwa juu, na kwamba mgeni hudhani ni yeye anayeyumba.

Kisha akakohoa.

Alikohoa mara moja, kikavu, akashusha kikombe. Korido nzima ilikuwa ikikohoa asubuhi hiyo: mpishi, mlinzi, Rukia mwenyewe aliyekuwa ameongeza sweta la tatu. Ezekia alimtazama Sekela kwa uangalifu, kama mtu anayesoma kipimo.

“Ni baridi?”

“Sijui,” alisema Sekela.

Aliangalia saa ya ukutani na kuandika. *Saa mbili na dakika kumi na nne. Kikohozi, mara moja.* Akaiacha kalamu juu ya karatasi na kungoja.